Ni nondo ya 16 au ya 10?

Chukua mwongozo wa ujenzi, kitabu cha kiada cha ufundi au ripoti ya mradi iliyochapishwa hapa kwetu, ufungue penye mchoro. Mara nyingi mno utakutana na ukungu: mistari ya kijivu iliyokatika-katika, herufi zilizoziba, namba ambazo hata ukizisogeza dirishani hazisomeki. Maneno yanayouzunguka mchoro yamechapwa safi. Karatasi ni nzuri, jalada linang'aa. Kilichoharibika ni kitu kile kile ambacho msomaji alikifungulia kitabu.

Tunasema wazi: kosa si la mashine wala la wino. Mchoro unaharibiwa njiani, kati ya kompyuta ya mchoraji na kompyuta ya mpangaji kurasa, na unaharibiwa na watu wenye elimu na vifaa vya kutosha. Wanaweza kuacha leo.

Tuanze na nondo. Mchoro wa boriti umechorwa kwa ajili ya karatasi ya A1, yaani milimita 594 kwa 841. Pembeni pameandikwa Y16: nondo yenye kipenyo cha milimita 16. Herufi zina kimo cha milimita 2.5, na kwenye karatasi ya ukubwa huo zinasomeka bila taabu. Sasa mchapishaji anautaka mchoro kwenye ukurasa wa A4. Kutoka A1 hadi A4, kila urefu unabaki asilimia 35 ya ulivyokuwa. Ile 6 haifiki tena hata milimita 0.9 kwa kimo, na tundu lake ni sehemu ndogo ya hapo. Wino ukigusa karatasi husambaa kidogo, hakuna wino usiosambaa, na tundu linaziba. Je, iliyobaki ni 6, ni 8 au ni 0? Nondo ya 18 si ya kawaida madukani, kwa hiyo fundi atachagua kati ya 16 na 10. Nondo moja ya 16 ina eneo la mkato la milimita za mraba 201. Ya 10 ina 78.5. Akikosea kusoma, boriti inapata chini ya asilimia 40 ya chuma alichokikokotoa mhandisi.

Msituambie kwamba hakuna anayejenga kwa kusoma kitabu. Wanafunzi wa vyuo vya ufundi wanajifunzia humo. Kamati za ujenzi vijijini, zinazosimamia madarasa na zahanati kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, hufanya kazi na karatasi za A4, na karatasi hizo hutolewa kopi, na kopi nayo ikatolewa kopi. Kila mzunguko wa mashine unakula kidogo. Mchoro ulioanza safi unaweza kuvumilia mizunguko hiyo. Ulioanza na ukungu hauvumilii hata mmoja.

Namba si kitu pekee kinachopotea. Katika mchoro wa kiufundi kila mstari unasema jambo. Mstari mnene ni ukingo unaouona. Mwembamba ni wa vipimo. Wa vipande-vipande ni ukingo uliofichika nyuma ya kitu kingine. Wa kistari na nukta ni mhimili. Hayo yamo kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 128, na kabla yake tulifundishwa kwa kiwango cha Waingereza, BS 308, kilichotoka mwaka 1927 na kubadilishwa na BS 8888 mwaka 2000. Punguza mchoro bila kufikiri, nafasi kati ya vipande zinazibana mpaka mstari uliofichika unaonekana kama mstari kamili. Bomba lililo chini ya sakafu sasa limepita juu ya sakafu. Hakuna aliyebadilisha chochote kwenye mchoro, umepunguzwa tu.

Wazee waliochora kwa kalamu za wino juu ya karatasi ya kutresi walilijua jambo hili bila kompyuta. Karatasi za mfululizo wa A, ulioanza Ujerumani mwaka 1922 kama DIN 476 na baadaye ukawa ISO 216, zimepangwa kwa uwiano wa kipeuo cha pili cha 2. Ukishuka saizi moja, kila urefu unagawanywa kwa 1.41 hivi. Kalamu nazo zilipangwa kwa ngazi hiyo hiyo: 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7, 1.0. Mstari wa 0.7 kwenye A1 ukipunguzwa hadi A2 unakuwa 0.5, hadi A3, 0.35, hadi A4, 0.25. Hiyo haikuwa bahati. Ilipangwa ili mtu aweze kuongeza mstari kwenye mchoro uliokwisha kupunguzwa kwa kalamu iliyopo mezani, bila kiraka kuonekana. Na aliyejua kwamba mchoro wake utaishia A4 alianza kuchora akiwa amepanda ngazi tatu. Leo mashine inatufanyia kila kitu, na hesabu hiyo ya ngazi tatu hakuna anayeipiga.

Matokeo yake, mistari ya 0.25 iliyojaa kwenye michoro yetu ya A1 inafika A4 ikiwa na unene wa milimita 0.09. Hiyo ni robo pointi, kiwango cha chini ambacho wachapaji wengi wanakubali, tena kwa wino mmoja na pleti nzuri. Mistari ya 0.13 inafika ikiwa 0.05 na haina dhamana yoyote.

Kuna mtego mbaya zaidi, nao ni mstari wa unene sifuri. Programu za kuchorea zinaruhusu mstari wa unene wa 0, maana yake: chapa mwembamba kadiri mashine inavyoweza. Kwenye printa ya leza ya ofisini yenye nukta 600 kwa inchi, mstari huo unatoka na milimita 0.04. Mwembamba, lakini unauona. Kila mtu anaangalia prufu, anaridhika, anatia saini. Faili linakwenda kiwandani, ambako mashine ya kutengeneza pleti ina nukta 2,400 kwa inchi. Pale mstari ule ule unatoka na milimita 0.01, na hakuna pleti wala karatasi itakayoushika. Kitabu kinatoka na nyumba isiyo na madirisha, kisha mchapaji analaumiwa. Tunaomba wenzetu wa viwandani waombwe radhi kwa miaka yote hiyo ya lawama.

Sasa tuje kwenye tabia inayotuudhi kuliko zote: picha ya skrini. Mhandisi anaombwa mchoro, anaufungua kwenye kompyuta, anabonyeza kitufe, anatuma. Skrini ya kawaida ina pikseli 1,920 kwa upana. Mchoro wa mistari unaochapwa kama picha unahitaji takriban nukta 1,200 kwa kila inchi ili kingo zisiwe na meno. Gawanya: picha hiyo inatosha upana wa sentimita 4. Inanyooshwa ijaze ukurasa wa sentimita 17. Halafu tunashangaa.

Kabla ya kunyooshwa, inakuwa imekwisha kupita kwenye JPEG. Huo ni mfumo wa mwaka 1992 uliobuniwa kwa ajili ya picha za kamera, ambamo rangi hubadilika taratibu. Unaigawa picha katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa kile ambacho jicho halikioni kwenye uso wa mtu au anga. Mstari mweusi juu ya weupe ndio adui yake. Ukuze mchoro uliohifadhiwa kwa JPEG uone: kila herufi imezungukwa na vumbi la kijivu. Mchapaji akiligeuza vumbi hilo kuwa nukta za wino, herufi zinapata ndevu. Kisha mchoro unatumwa kwa WhatsApp kama picha, nayo inaubana tena. Anayelazimika kutumia njia hiyo autume kama dokumenti, ufike kama ulivyotoka.

Wengine watasema wao hutuma PDF. Vizuri, lakini PDF ni bahasha tu; cha kuuliza ni kilichomo ndani. Ukipiga mchoro picha kwa simu na kuuhifadhi kama PDF, umeweka picha mbovu ndani ya bahasha nzuri. Kupima ni rahisi na hakuhitaji fundi: fungua faili, kuza hadi mwisho, asilimia 6,400 ikiwezekana, uangalie mstari mmoja. Ukibaki na kingo kali kama wembe, ni mchoro wa vekta, yaani kompyuta inajua mstari unaanzia wapi na kuishia wapi. Ukigeuka ngazi za viboksi, ni picha. Mhariri anayepokea mchoro bila kufanya jaribio hili la nusu dakika hana haki ya kulalamika baadaye.

Basi kwa nini wasitoe faili lenyewe? Kwa sababu faili lenyewe haliingii kwenye programu za kupangia kurasa. AutoCAD ilianza kuuzwa mwishoni mwa 1982 na faili zake za DWG zimeenea kila ofisi ya usanifu kutoka Mombasa hadi Mbeya, lakini InDesign haipokei DWG. Illustrator inaifungua, na pia inafungua DXF, mfumo ambao kampuni ya Autodesk ilitoa pamoja na AutoCAD ya kwanza ili programu tofauti zipeane michoro. Muundo wa ndani wa DWG, tofauti na DXF, Autodesk haikuutangaza. Mwaka 1998 kampuni nyingine ziliungana kuuchunguza zenyewe, muungano ambao leo unaitwa Open Design Alliance, na mwaka 2006 pande hizo mbili zilifikishana mahakamani. Ugomvi wao si wetu. Kinachotuhusu ni kwamba DWG zina matoleo mengi, na la karibuni halifunguki kwenye programu ya zamani. Herufi sita za kwanza ndani ya faili husema ni toleo gani: AC1015 ni la mwaka 2000, AC1032 ni la 2018. Muungano huo unatoa bure programu ndogo ya kugeuza toleo moja kuwa jingine. Mpangaji kurasa anayekwama kwa sababu hiyo aitafute.

Hata likifunguka, DWG likitua kwenye programu ya kurasa huja na mizigo yake. Maandishi yaliyoandikwa kwa fonti za SHX, zile za mistari mitupu zilizotengenezwa kwa ajili ya plota za kalamu, hukosa fonti na kubadilishwa kwa nyingine pana zaidi. Vipimo vinapanda juu ya kuta. Miduara inaweza kugeuka maumbo ya pembe nyingi. Michoro iliyoazimwa kutoka faili nyingine, kama gridi ya nguzo au ramani ya kiwanja, haimo kabisa kama mtumaji hakuifungasha pamoja. Mpangaji kurasa anaona nusu ya jengo na hana njia ya kujua kuwa ni nusu. Tena hiyo si kazi yake. Hajasomea ujenzi, na kumtaka aamue mstari upi ni wa maana ni kumwonea.

Kwa hiyo kazi ya kugeuza ifanywe na aliyechora, kwenye programu aliyochorea. Huo ndio msimamo wetu. Mchapishaji amwambie kipimo kimoja tu: upana wa mchoro kwenye ukurasa, tuseme milimita 120. Mchoraji afungue ukurasa mpya wa ukubwa huo ndani ya programu yake, aingize sehemu inayotakiwa tu, achague skeli ya kueleweka, aandike upya maelezo kwa herufi zisizopungua milimita 2 kwa kimo, apange mistari iwe ya aina mbili au tatu za unene, tuseme 0.18, 0.25 na 0.5, kisha atoe PDF kwa amri ya kuchapa. Vipande vya mistari iliyofichika avipange upya vionekane kwa ukubwa huo. Mpangaji kurasa aiweke PDF hiyo kwa asilimia 100, bila kuinyoosha wala kuibana.

Kuhusu kukata kilichozidi, tungependa kusisitiza, maana hapo ndipo wahandisi wanapokuwa wagumu. Mchoro wa kazi una kila kitu: waya, maji taka, namba za milango, jedwali la madirisha, muhuri, sahihi, fremu. Msomaji wa sura inayohusu msingi anahitaji msingi. Michoro ya CAD imepangwa kwa leya, na kuzima leya ni suala la kubofya. Mchoro wenye mambo sita yanayosomeka ni bora kuliko wenye mambo sitini yasiyosomeka, hata kama ule wa sitini ndio uliopitishwa na halmashauri.

Skeli nayo isiandikwe kwa uwiano peke yake. Mchoro wa 1:100 uliopunguzwa kutoka A1 hadi A4 si wa 1:100 tena. Ni wa 1:283, uwiano ambao hakuna rula inayoupima. Lakini pale chini bado panasema 1:100, na mwanafunzi mwenye rula anapata chumba cha upana wa mita 1.27 badala ya 3.6. Dawa ni ya zamani: kipande cha mstari kilichogawanywa kwa mita, kilichochorwa ndani ya mchoro. Kikipunguzwa kinapungua pamoja na nyumba.

Rangi zinahitaji aya yao. Wachoraji wengi hufanya kazi juu ya skrini nyeusi, na njano inang'aa vizuri pale. Kwenye karatasi nyeupe njano ni kama haipo. Ikigeuzwa kijivu kwa ajili ya kitabu cha rangi moja inakuwa kijivu hafifu, na kijivu katika uchapaji ni nukta ndogo-ndogo za wino mweusi. Mstari wa unene wa 0.1 ukikatwa kuwa nukta haubaki mstari. Ni vidoti vilivyopanga foleni vibaya. AutoCAD ina jedwali liitwalo monochrome linalogeuza rangi zote kuwa nyeusi kamili wakati wa kuchapa. Lipo tayari. Lichaguliwe.

Nyeusi nayo ina nyeusi mbili. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, kijani na buluu. Mashine ya uchapaji inatumia wino wa samawati, majenta, njano na nyeusi. Nyeusi ya skrini ikigeuzwa ovyo inaweza kuwa asilimia 75 ya samawati, 68 ya majenta, 67 ya njano na 90 ya nyeusi. Kwa picha kubwa hiyo ni nyeusi tajiri. Kwa mstari wa unene wa 0.1 ni balaa, kwa sababu pleti nne haziwezi kuangukia mahali pamoja kabisa; zikipishana kwa unene wa unywele, mstari mmoja unakuwa minne yenye rangi. Mistari na maandishi ya mchoro yawe ya wino mweusi peke yake, asilimia 100. Illustrator inafanya hivyo. Inkscape, ya bure na inayofungua DXF, ni nzuri kwa kusafisha mchoro lakini haijajengwa kwa ajili ya wino nne. Mchoro uliosafishwa humo upelekwe Scribus, ya bure vilevile, inayoelewa wino nne na kutoa PDF/X-3 ambayo kiwanda kinaipokea. Asiye na fedha za leseni hana kisingizio hapo.

Pingamizi moja tunalipa uzito. Wasanifu majengo wanaogopa kutoa kazi zao kwa sababu zinaibwa. Ni kweli zinaibwa. Ramani iliyobuniwa kwa ajili ya mteja mmoja inaweza kuuzwa mara kumi kwenye maduka ya kuchapa bila aliyeibuni kupata senti. Lakini hatumwombi DWG. Tunamwomba PDF ya sehemu ndogo, iliyokatwa na kurahisishwa, ambayo haitoshi kujengea nyumba. Kinyume chake, yule anayetuma DWG nzima kwa sababu ya haraka ndiye anayetoa kila kitu, pamoja na leya alizozima na majina ya wateja aliyoyasahau ndani ya faili.

Pingamizi la pili, kwamba kazi hii ina gharama, hatulipi uzito huo. Ina gharama, na ilipwe. Mchapishaji analipa mhariri wa lugha, mchora katuni na mpiga picha, lakini mchoro wa kiufundi anautaka bure, kwa hisani, kupitia simu, siku moja kabla ya kwenda mtamboni. Anapata kinacholingana na alicholipa. Mkataba wa mwandishi wa kitabu cha ufundi useme nani anatoa michoro, kwa upana gani, kwa mfumo upi, na kwa malipo gani. Mistari minne ya mkataba inatosha. Wachapishaji wa majarida ya sayansi ya nje hutoa masharti kama hayo kwa kila mwandishi, na mtafiti wa Dar es Salaam au Nairobi anayetuma makala kwao anayatii bila kunung'unika. Akiandika kitabu cha nyumbani anatuma picha ya skrini.

Vyuo navyo viguswe. Mwanafunzi wa usanifu au uhandisi anafundishwa kuchora kwa ajili ya eneo la ujenzi na kwa ajili ya kibali. Hafundishwi kuchora kwa ajili ya ukurasa, ingawa kuanzia pendekezo la kwanza la kazi hadi ripoti ya mwisho, watu wengi wataiona kazi yake kwenye A4. Zoezi moja kwa muhula lingetosha: chukua mchoro wako wa A1, uutoe kwa upana wa milimita 120, mpe mwenzako wa darasa lingine asome vipimo vyote kwa sauti. Asipoweza, rudia. Bodi zinazosajili wahandisi na wasanifu zina mamlaka juu ya ubora wa michoro inayobeba sahihi za wanachama wake. Hatuoni kwa nini mamlaka hayo yaishie kwenye karatasi kubwa.

Viwanda vya uchapaji vingetusaidia kwa jambo moja, kukataa. Faili likifika na mistari ya unene sifuri au nyeusi ya wino nne, programu za kukagua faili huonyesha mara moja. Lirudishwe siku hiyo hiyo na maelezo ya sentensi moja. Tunajua kwa nini halirudishwi: mteja ataliona kama usumbufu na kuhamia kwa jirani. Ndiyo maana tunataka mchapishaji mwenyewe aandike kwenye agizo lake la kazi kwamba faili bovu lirudishwe, ili kiwanda kisibebe lawama ya kumkatalia.

Na prufu ya mchoro isisainiwe kwenye skrini. Itolewe kwenye karatasi itakayotumika, kwa ukubwa kamili, na isainiwe na aliyechora, si na mhariri wa lugha. Achukue rula apime ule mstari wa skeli. Asome kila namba. Kwenye mchoro wa nondo asome kila Y moja baada ya nyingine, akilinganisha na mchoro wake wa A1.

Kuna vitabu ambavyo vimekwisha kutoka vikiwa na ukungu na vinaendelea kuchapwa tena kila mwaka kutoka faili zile zile, kwa sababu hakuna aliyetafuta michoro ya awali. Kwa vingi, aliyechora yu hai na faili lake bado lipo kwenye diski. Kabla ya kuagiza toleo linalofuata, apigiwe simu.